Zoezi la Mionzi Lililoshonewa Sare

Siku Kissa Mwasomola alipomweleza baba yake kule Tukuyu kwamba anakwenda China kusomea namna ya kuokoa watu pale kinu cha nyuklia kinapoharibika, mzee aliweka kikombe chini akauliza swali moja la haki: hapa kwetu kinu hicho kiko wilaya gani? Kissa akajibu kwamba bado hakijajengwa. Mzee akatafakari, kisha akasema kumbe binti yake anakwenda kujifunza kuzima moto wa nyumba ambayo hata tofali lake halijafyatuliwa. Halafu akamchinjia jogoo, maana kwa Wanyakyusa mtoto akifanya jambo lisiloeleweka, na akalifanyia mbali, hiyo ni sifa kwa ukoo mzima.

Utani huo ulimfuata hadi Guangzhou, tena ukanenepa. Pale Xiaobei, mtaa wa wageni wa jiji hilo, kila Mwafrika ana kazi inayoelezeka: huyu anasafirisha jinzi, yule spika, yule mawigi ya kudanganyia wakwe. Kissa alikuwa anakula fedha za ufadhili wa masomo ili afikirie balaa ambalo halijatokea. Wakampachika jina la Mama Mionzi. Akiingia mgahawani, lazima mmoja afunike sahani yake kwa kiganja, mwingine amwombe asimame mbali na mtoto. Kissa hakuwa mtu wa kufa kwa jina. Alikuwa mrefu, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekulia ng'ambo ya bonde la migomba na kuitikia bila simu, na alikuwa na tabia ya kukaa karibu kabisa na huyo aliyefunika sahani na kumsaidia kuimaliza.

Basi, Mwalimu Liang, msimamizi wake chuoni, alikuwa kiongozi wa kikundi kilichopewa kazi ya kupanga zoezi la dharura. Kuna kinu cha nyuklia pwani ya mkoa ule, mbali na jiji. Kikiharibika, watu wa miji ya jirani watahamishwa, na baadhi yao wataletwa Guangzhou kwa mabasi hadi kwenye ukumbi wa michezo, wapimwe, waoshwe, wapewe pa kulala. Miongoni mwao hawakosi watu wetu, kwa sababu wafanyabiashara wa Xiaobei hawatulii. Kila mara wako huko pwani viwandani, wamesimama juu ya kichwa cha fundi wakihakikisha feni zina mapanga yote.

Mpango wenyewe ulikuwa mnene kama Biblia ya mimbarini. Ulikuwa na kurasa za magonjwa ya moyo, kurasa za nguruwe, na kurasa za samaki wa mabwawani. Wageni walipewa sentensi moja: watangaziwe kwa Kichina na Kiingereza. Kissa aliisoma sentensi hiyo, akanyoosha mkono kwenye kikao.

"Mwalimu, Kichina cha watu wangu ni cha dukani," alisema. "Wanajua *tai gui* bei ikipanda, na *meiyou* mzigo ukiisha. Mionzi haina bei ya kupunguza."

"Na Kiingereza?" aliuliza Liang.

"Kiingereza chao wanakiandika kwenye kikokotoo."

Kikao kikacheka, na Liang naye. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa vipimo tu, ambaye hata chai yake haamini kuwa ni moto mpaka aione ikitoa mvuke. Akampa sharti. Siku ya zoezi Kissa alete Waafrika Mashariki mia moja na ushee, watangaziwe kwa Kiswahili peke yake. Wakija na kufuata maelekezo, Kiswahili kitaingia kwenye mpango wa dharura, na siku ya siku king'ora kikilia mtu wa Kahama atasemeshwa kwa lugha ya mama yake mzazi au angalau ya shule yake ya msingi. Ikiwa vurugu, sentensi ile moja itarudi palepale ilipokuwa, na Kissa atarudi kwenye kurasa za samaki. Kissa alikubali kabla mwalimu hajafika kwenye nukta. Hiyo ni kasoro ya ukoo.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuandika tangazo. Akampelekea Odhiambo, Mkenya wakala wa mizigo, kijana mnene mcheshi anayejua Xiaobei yote kwa majina na kwa madhambi. Odhiambo akalisoma mpaka palipoandikwa "acheni mizigo yenu yote mwondoke", akalirudisha juu ya meza kama mtu aliyepewa samaki aliyeharibika.

"Siz, ukiambia mtu wa hapa aache mzigo, umemwambia aache mguu," akasema. "Hiyo line toa. Utaangamiza watu."

Wakabishana hadi mchuzi ukaganda. Mwishowe Kissa akaandika kwamba mzigo uliofungwa nailoni ndani ya stoo hauna haja ya kuokolewa, utakungoja, bali wewe hujafungwa nailoni. Odhiambo akasema hapo sasa hata yeye ataondoka. Kwa heshima hiyo Kissa akampa sehemu katika mchezo: atakuwa yule mkaidi anayetaka kurudi kuchukua marobota, ili askari wajizoeze kumtuliza.

Kazi ya pili ilikuwa kupata watu, na watu wa Xiaobei wanapatikana kwa mlango mmoja unaoitwa Yustina. Yustina alikuwa mfanyabiashara wa nguo kutoka Kahama, mwenyekiti wa kila kitu. Mtu akifariki, Yustina ni mwenyekiti. Mtu akioa, Yustina ni mwenyekiti, hata kama hakualikwa. Kissa alimkuta Jumapili baada ya ibada katika mgahawa wa barabara ya Huanshi Zhonglu, amezungukwa na watu wake, akawaeleza zoezi lote: mabasi, ukumbi, vipimo, hema la kuogeshea. Akawaambia pia kwamba watu ishirini kati yao wataigiza kuwa wameangukiwa na vumbi la mionzi, na hao ishirini wavae njano ili waoshaji wawatambue. Wengine waje na nguo zao za kawaida.

Kabla chai haijapoa kamati ilikuwa imeundwa. Kulikuwa na katibu, na kamati ndogo ya usafiri, na kamati ndogo ya chakula ambayo hakuna aliyeiomba, na msema chochote wa shughuli. Kissa aliangalia watu wazima wakigombea uenyekiti wa kupanda basi, akajisikia fahari ya ajabu. Chuoni walikuwa wametumia miezi kuandika jinsi ya kupanga umma wakati wa dharura. Mtanzania ukimwonyesha tukio lolote, hata la uongo, anakuzalia kamati papo hapo. Akaaga, akakimbilia kikao kingine.

Kosa likatendeka baada ya yeye kufunga mlango. Mama mmoja aliuliza, kwa sauti ya chini kama ya mtu asiyetaka ugomvi, hao ishirini watakaoshonewa njano ni akina nani.  Ni ndugu wa bwana harusi? Sisi wengine tunakwenda kama nani, wapita njia? Kila mwenye akili pale alijua kwamba shughuli yenye sare nusu ni shughuli ya kambi mbili. Yustina akagonga meza kwa kijiko. Kesho yake alikuwa Zhongda, kwenye soko la vitambaa, akimbembeleza na kumtishia *laoban* mmoja, mwenye duka, mpaka majora ya njano yakashuka kwenye rafu. Mafundi wakashona. Wanawake magauni yenye mikono ya puto, wanaume mashati yenye kola ya kusimama, na Yustina mwenyewe akaongezewa lesi kifuani, kama inavyostahili cheo. Kissa hakuambiwa. Hakuna aliyemficha, nani anatuma taarifa kwamba watu watavaa sare? Ni sawa na kutuma taarifa kwamba watakuja na miguu.

Asubuhi ya zoezi tangazo la Kiswahili lilirushwa kwenye simu zao, na Kissa akasimama mlangoni mwa ukumbi wa michezo pamoja na Liang na wageni kutoka mkoani, mabwana wenye suruali zilizopigwa pasi na nyuso zilizopigwa pasi zaidi. Hofu yake ilikuwa moja tu, kwamba hawatakuja kwa wakati. Kwa mtu anayewajua Watanzania, hofu hiyo ni ya kisayansi.

Wakaja kwa wakati. Hiyo peke yake ingetosha kumtoa mtu machozi. Basi la kwanza likafungua mlango na mtu wa njano akashuka. Kissa akatabasamu. Akashuka wa pili wa njano, na wa tatu, na basi zima likamwagika njano tupu, wanashuka kwa mpangilio huku wakiimba, Yustina mbele amebeba chupa ya chai. Basi la pili, njano. La tatu, njano. Uwanja ukawa kama shamba la alizeti la Singida lililopewa pasi za kusafiria.

Mwalimu Liang alitazama mpango wake, akatazama uwanja, akatazama mpango tena.

"Kwa hiyo wote wamechafuliwa," alisema taratibu.

Mahema ya kuogeshea yalikuwa mawili, moja la wanaume na moja la wanawake, yenye maji na taulo za watu ishirini. Bwana mmoja kutoka mkoani akapendekeza zoezi lisimame, watu wapangwe upya, ishirini wabaki na njano na wengine wakabadilishe. Liang akamgeukia Kissa, na Kissa akajua kinachokuja. Likisimama, ndiyo vurugu yenyewe, na sentensi ile moja inarudi mahali pake.

Akamfuata Yustina, ambaye alizunguka mara moja ili mshono uonekane kwa nyuma.

"Dada Yustina, nilisema ishirini."

"Ulisema, mdogo wangu, na tulikusikia. Sasa niambie, ningewachagua vipi? Ningemwacha nani kisha nimwangalie usoni msibani kwake?"

 Kissa akaona kwamba katika fujo zote zile kulikuwa na neno la kweli limekaa. Mionzi nayo haichagui ishirini. Vumbi likipeperuka halitauliza tumeandaa taulo ngapi. Akarudi kwa Liang kwa hatua ndefu, akamwambia mbele ya wale mabwana wa suruali za pasi:

"Liendelee, Mwalimu. Mpango wetu unajua kuosha ishirini. Leo tumeletewa zaidi ya mia, wazima, wameshiba, wanaimba. Hatutapata siku nzuri kuliko hii ya kushindwa."

Liang alifikiri kwa muda ambao mtu wa vipimo hufikiri, yaani mrefu. Halafu akainua mkono, na zoezi likaendelea.

Wapimaji wakapitisha vyombo vyao juu ya zile puto na kola, na vikalia vile vilivyotegwa vilie. Odhiambo akaanza kuigiza ukaidi wake, akidai marobota yake, na akaigiza vizuri hadi askari wawili wakamkalia. Baadaye alikiri kwamba katikati ya mchezo alikumbuka kontena lake la kweli na mambo yakampanda kichwani. Yote hayo yalikwenda. Mlima ulikuwa mlangoni mwa hema.

Kwani sehemu kubwa ya vumbi la mionzi hukaa kwenye nguo. Kabla ya tone la maji, unavua vazi la juu, unalitia kwenye mfuko, mfuko unafungwa na unakwenda zake. Ofisa wa hema, ambaye sharti la Kiswahili peke yake halikumfikia, akatangaza hivyo kwa Kichina. Njano yote ikamtazama kwa heshima. Akatangaza kwa Kiingereza. Wachache wakaelewa, wakashika vifungo vyao, lakini kwa kuvilinda. Sare mpya, haijapigwa hata picha ya pamoja, itiwe kwenye mfuko wa taka? Mstari ukasimama. Nyuma watu wakaanza kusukumana na kuuliza, na zile nyimbo zikafa. Bwana wa mkoani akaandika kitu kwenye karatasi yake, na Kissa akaona kalamu inavyokwenda kwa raha.

Akamwomba ofisa kipaza sauti. Kwa kweli alikichukua, na ombi likafuata nyuma.

"Jamani, nisikilizeni," akasema, na ile sauti ya ng'ambo ya bonde ikajaza ukumbi. "Sare ni nzuri. Nimeiona, imenikaa moyoni, na mimi sijashonewa. Lakini leo tumesema limeanguka vumbi. Huwezi kuliona wala kulinusa, na halijali fundi wako ni nani. Limekaa kwenye hayo maputo ya mikono linasubiri uende nalo nyumbani, umkumbatie mtoto. Ukivua hapa, umeliacha hapa. Wanawake, ndani mtaoshwa na wanawake wenzenu, na mtatoka na shuka. Swalha yuko humo, muulizeni."

Swalha, mwanafunzi wa udaktari kutoka Pemba, akatoa uso wake wenye mtandio kwenye pazia la hema akathibitisha kwamba humo hakuna mwanamume hata wa kuchorwa. Hilo nalo Kissa alilipigania. Mpango wa kwanza ulikuwa na hema moja na zamu.

Watu wote wakamgeukia mwenyekiti. Yustina alisimama na lesi yake kifuani. Aliipapasa mara moja, kama mtu anayemuaga mgeni aliyekaa siku chache mno.

"Mtoto wa watu kasoma mpaka kaona kisichoonekana," akasema kwa wenzake. "Vueni. Tena mikunjo iwe mizuri, tusije tukaaibika kwenye mfuko." Akawa wa kwanza kuingia.

Baada ya hapo nani angebaki na vazi wakati mwenyekiti amevua? Kamati ndogo ya usafiri ikageuka ya foleni. Kamati ndogo ya chakula ikagawa mifuko. Maji yalipokwisha, kama ilivyokuwa lazima yaishe, Kissa aliwaelekeza waoshaji kupangusa uso, mikono na nywele kwa vitambaa vyenye unyevu, kwa sababu ndivyo inavyofanywa maji yakikosekana, na yeye alikuwa amelisoma hilo wakati wengine wanamfunikia sahani. Wale wa pasi wakaacha kuandika, wakaanza kuangalia. Hatimaye watu zaidi ya mia walikuwa wamekaa ukumbini, wasafi, wamejifunga shuka nyeupe kama baraza la maaskofu, wakinywa chai ya Yustina na kuomba ipigwe picha.

Alasiri palepale pakawa na kikao cha tathmini. Ilisemwa kwamba mahema hayakutosha, maji hayakutosha, na hakuna aliyekuwa amewaza ingekuwaje kama wote wangekuja na vumbi. Ilisemwa kwamba sehemu ya wageni ndiyo pekee iliyowafundisha kitu. Kisha Liang, ambaye hakuwa na mazoea ya kusifu hata hali ya hewa, akasema kwamba ofisa alitangaza mara mbili na foleni haikusogea, na kwamba mwanafunzi Kissa alitangaza mara moja. Akasema Kiswahili kinaingia. Akaomba kiandikwe hivyo, akafunga kabrasha lake.

Kissa alitoka nje akampigia simu mzee Tukuyu. Mzee aliuliza kama kinu kimejengwa. Bado, baba. Lakini siku hiyo hakuleta habari za matofali. Aliuliza tu kama na yeye alishonewa hiyo sare, na aliposikia hapana, akasema hao watu wana akili lakini hawana adabu.

Wiki iliyofuata wakamwita kwenye chumba cha kurekodia ili tangazo la Kiswahili likae tayari. Fundi wa sauti alikuwa kijana mwenye haraka. Alimweleza kwamba kwanza kitalia king'ora, kisha maneno, na maneno yawe mafupi. Kissa akaanza: ndugu zangu, habari zenu. Fundi akasimamisha mashine. Akamwita Liang. Wakamuuliza, kwa upole kabisa, kwa nini watu walioko hatarini waulizwe habari zao.

"Kwa sababu nisipowasalimia," Kissa alisema, "watatumia tangazo lote kujiuliza huyu asiye na adabu ni mtoto wa nani."

Liang akauliza:

"Na wakiitikia?"

"Wataitikia. Waachie nafasi."

Fundi alitazama saa, akamtazama Liang, na Liang akatikisa kichwa kukubali. Wakaanza upya. Kissa akavuta kiti, akakisogelea kipaza sauti, akawasalimia ndugu zake wote walioko Guangzhou na kando ya pwani ile, wenye jinzi na wenye feni, kisha akanyamaza kama walivyokubaliana, kichwa kimeinama kidogo upande mmoja, mpaka aliporidhika kwamba wamejibu.

"Sasa," akasema, "fungeni madirisha."